Kumbukumbu za Kikao

Mimi ndiye niliyeandika.
Miaka thelathini na moja, Alhamisi ya kwanza ya mwezi,
kiti cha pembeni, karibu na hita,
daftari la jalada gumu, wino wa bluu.
Waliniita Bi Graciete wakitaka kahawa.
Wakitaka kusema siri hawakuniita kitu;
walisema tu, kana kwamba hita haina masikio.

Kiwanda chetu ni cha vizibo vya chupa.
Magome ya mialoni hushuka kwa malori kutoka Coruche,
yakachemshwa, yakakaushwa, yakatobolewa,
na vumbi lake hukaa kwenye nyusi za mtu
mpaka siku ya kumzika.
Chini, kwenye kuchambua, wanawake themanini na wawili.
Juu, kuizunguka meza, wanaume tisa.

Katika Kireno chetu meza ni ya kike.
Ndicho kitu pekee cha kike kilichopewa nafasi
katikati ya chumba kile.
Na kila mwanamke aliyepanda ngazi kuikaribia
aliambiwa neno hilohilo: meza.
Meza hasira. Meza hesabu zako.
Tukameza.

Odília aliitwa kutoka maabara
aeleze kwa nini Wafaransa wanarudisha mzigo,
kwa nini mvinyo wao unanuka kitambaa kibichi.
Akasema: maji ya kuchemshia yabadilishwe kila siku,
si kila wiki. Gharama hii hapa. Hasara hii hapa.
Kimya. Mtu akakohoa.
Dakika kumi baadaye Bwana Teotónio akajinyoosha:
"Nafikiri tubadilishe maji."
Wakampongeza, wakaigonga meza kwa viganja.
Nami, na hii ndiyo dhambi yangu, nikaandika:
*Bw. Teotónio alipendekeza maji yabadilishwe.*

Si mara moja. Fungua kabati, majuzuu yote yamo.
Nina mwandiko mzuri, walinisifu.
Mwandiko mzuri huufanya uongo usomeke bila kujikwaa.

Mwaloni wa vizibo huvuliwa gome kila baada ya miaka tisa.
Wavunaji huuandika nambari kwa rangi nyeupe
ili wajue lini wataurudia.
Husimama uchi, mwekundu, kama goti lililochubuka.
Wageni husema: tazameni uvumilivu wa mti!
Mimi nasema mti hauna mkono wa kuandikia.

Ikaja Alhamisi moja ya Februari, mvua ya mlazo.
Odília, mvi mbili tatu sasa, akasema:
lile vumbi tunalolichoma, tuligandamize, tuuze vigae vya sakafu.
Kimya. Nikakijua kile kimya, nikaanza kuhesabu.
Sikufika saba. Duarte, mpwa wa Teotónio, akajinyoosha:
"Nafikiri..."

Nikainua mkono.
Mkono ulionijia ulikuwa mzito kama si wangu.
"Samahani, Bwana Duarte. Kwa ajili ya kumbukumbu:
hilo ni pendekezo la Mhandisi Odília Carrasqueira,
saa nne na dakika kumi na mbili.
Niandike kwamba wewe unaliunga mkono?"

Hita ikakoroma.
"Ndiyo," akasema. "Andika."

Hakuwa mkurugenzi siku ile, msinipigie vigelegele.
Ilichukua miaka mitatu na kura mbili,
ya kwanza ikashindwa kwa mtu mmoja
aliyesema anamheshimu sana.
Siku alipokikalia kile kiti hakuhutubia;
aliuliza nani kafungua dirisha.

Sasa nimestaafu. Daftari analo kijana Ivandro,
na kahawa huleta yeye.
Jana wachambuzi wanne walinijia nyumbani wamefura:
Odília amewanyima nyongeza, eti mwaka ni mgumu.
Walitaka nimseme, kwa kuwa ni mwenzetu.
Nikawapa kiti, nikawapa karatasi.
Nikasema: pandeni ngazi ileile. Msimeze.
Na hapa chini, kila mmoja,
jina lake lote, kwa wino.